Kata Tiketi ya Kurudi Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuandika Riwaya Nyepesi ya Mapenzi ya Likizo

Hadithi yangu ya kwanza ya mapenzi ya vijana ilikuwa na jua kali, kaptula, aiskrimu na ufukwe. Niliiweka mwezi wa saba, hapahapa Moshi. Dada mmoja jirani yangu, anayesoma kila kitu mpaka gazeti lililofungiwa vitumbua, alinirudishia daftari akaniuliza: "Kaka, hawa watoto hawasikii baridi?"

Alikuwa na haki. Mwezi wa saba Moshi watu wanashinda na sweta, mlima unaweza kujifunika wiki nzima, na ukitaka ufukwe uende Tanga. Nilikuwa nimeazima likizo ya watu wengine. Huko Marekani na Ulaya shule zinafungwa kipindi cha joto, vijana wanakaa wiki nyingi bila kengele, wanapendana, kisha shule zinafunguliwa na kila mmoja anashika njia yake. Nilinakili jua nikaacha kitu chenyewe. Kinachomshika msomaji kwenye riwaya hizi ni muda uliopimwa: wawili wamekutana, na wote tunajua tarehe watakayoachana. Muda wa namna hiyo tunao tele, tena wa kwetu una mbege, pombe yetu ya ndizi, ndani yake.

Ninachoeleza hapa ndicho ninachokifuata sasa, baada ya kuharibu madaftari matatu.

Hatua ya 1: Tafuta likizo ya kwetu

Kwa Moshi naziona tatu. Kuna ile ya katikati ya mwaka, ya baridi na ukungu, wakati kahawa zinaanza kuiva migombani. Hiyo inafaa hadithi ya utulivu, ya jiko la mkaa na koti moja linalovaliwa na watu wawili kwa zamu. Kuna ya kusubiri matokeo: kidato cha nne wanamaliza mtihani Novemba, na atakayechaguliwa kwenda kidato cha tano haripoti mpaka katikati ya mwaka unaofuata. Miezi yote hiyo mtu si mwanafunzi wala si kitu kingine. Inavutia, ila ni ndefu mno, na riwaya nyepesi ikipewa miezi saba inalala.

Ya tatu ni Desemba, na mimi sioni kwa nini uhangaike na nyingine.

Kwa msomaji wa mbali, Desemba ndiyo Wachaga wanarudi nyumbani. Nchi nzima inawatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Mabasi ya kutoka Dar yanajaa, nauli inakuwa habari ya redioni, na barabara za Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, ambazo mwaka mzima ni za bodaboda na akina mama wenye mikungu ya ndizi, zinafungana magari. Nyumba iliyokuwa na bibi peke yake inalaza watu 17. Ikifika wiki ya kwanza ya Januari wote wameondoka, kimya kinarudi migombani. Umepewa mwanzo, kilele na mwisho bila jasho. Umepewa hata kisingizio cha kijana wa Mbagala kulala nyumba ya pili na kijana ambaye hajawahi kuvuka Himo.

Ukiwa wa Arusha mambo yanabadilika kidogo. Vijana wako watapanda vifodi, zile daladala ndogo za huko, mmoja wao atakuwa chalii asiyekubali kuitwa kitu kingine, na mlima utakuwa Meru. Ila usimwage maua ya jakaranda kwenye sura ya Krismasi. Kilele chake ni Oktoba na Novemba, na mtu wa Arusha atakukamata ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 2: Kata tiketi ya kurudi kabla hujaandika jina la mhusika

Chukua karatasi, andika tarehe na saa ya basi la kurudi. Mimi naandika: 3 Januari, saa 12 asubuhi, stendi ya Moshi. Halafu naandika siku ya kufika: 20 Desemba. Nina siku 15, na kila sura naandika juu yake siku zilizobaki. Msomaji hazioni, nazifuta mwishoni. Mimi ndiye ninayezihitaji, maana nikijua zimebaki siku nne siwezi kuwaacha wapenzi wangu wazunguke Mbuyuni sokoni kwa sura tatu wakila machungwa.

Basi au treni, amua mapema. Basi la Dar linakwenda kama kilomita 560 na linafika siku hiyohiyo. Treni ya abiria, iliyorudi kwenye reli ya Moshi Desemba 2019 baada ya kukosekana zaidi ya miaka 20, inalala njiani, na usiku mmoja ndani ya behewa unaweza kubeba sura mbili nzuri kama wahusika wako wanakutana safarini. Kwangu wanakutana nyumbani, kwa hiyo nachagua basi. Kuachana stendi ni kugumu zaidi: konda anapiga kelele, mtu anakuuzia korosho dirishani, na una dakika tatu tu.

Hatua ya 3: Wape shughuli kabla ya kuwapa mapenzi

Kosa la daftari langu la pili lilikuwa hili: wahusika wawili wazuri wa sura, wasio na kazi yoyote duniani isipokuwa kutazamana. Kufikia sura ya nne hata mimi niliwachoka.

Kila mmoja apewe kitu anachokitaka, kidogo na cha kushikika, chenye tarehe. Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni huu. Msichana anaitwa Aikaeli, kwa kifupi Aika, ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza chuoni Dar. Instagram anajiita Kaeli, kwa sababu mjini wanamuuliza jina hilo la kabila gani. Yeye ndiye kiongozi wa kundi lao la darasani, na kazi ya kundi inatakiwa mtandaoni kabla ya 31 Desemba. Mvulana ni Godlisten, miaka 19 pia, amemaliza kidato cha sita, hajaenda chuo kwa sababu ya ada. Anakaa na babu yake na anaotesha miche ya parachichi kwenye viroba. Akiuza miche 300 kabla ya mwaka kuisha atakuwa na pa kuanzia.

Angalia majina. Usiwaite Jayden na Chantelle. Kilimanjaro imejaa akina Godlisten, Elirehema na Anaeli, na majina hayo yana utani na historia ndani yake. Jina analolificha mtu mjini, na kuitwa kwa sauti na bibi yake mbele ya mvulana, tayari ni tukio.

Kuhusu umri, mimi sishuki chini ya miaka 18 na wahusika wangu wameshamaliza sekondari. Wasomaji wangu wengi ni wadogo kuliko hapo na mama zao wanapekua simu. Tena Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya 2016, ina kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule. Kivuli kizito hivyo kikipita juu ya hadithi, wepesi wake umekwisha.

Hatua ya 4: Wape kona moja, irudiwe mpaka msomaji aipende

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote, na ningekushauri na wewe uufuje hapa.

Wanaoanza hupenda kuwapeleka wapenzi kwenye vivutio: leo maporomoko ya Materuni, kesho chemchemi ya Chemka kule Hai, keshokutwa geti la Marangu. Inakuwa kipeperushi cha watalii. Vijana wa hapa wakitaka kuonana hawana nauli ya kuzunguka hivyo. Wanakutana kwenye mazoezi ya kwaya, mashine ya kusaga, banda la chipsi, foleni ya bucha mkesha wa Krismasi. Ruhusu kivutio kimoja kwenye kitabu kizima, siku moja tu, tena kitu kiharibike huko.

Kona ya kudumu itoke kwenye shida. Aika anahitaji mtandao. Kwa bibi yake, ndani kabisa ya migomba, simu inashika mahali pamoja tu: kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, cha bibi na kihamba cha akina Godlisten. Mpaka wenyewe ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachaga wanaipanda kugawa mashamba. Kila jioni wakazi wa pande zote mbili wanakwenda kuning'iniza simu hewani. Tuwasogelee:

Aika alipanda kwenye jiwe, akanyanyua simu juu kabisa. Kijistari kimoja. Kikapotea.

"Hapo hapashiki," sauti ikatoka upande wa pili wa masale. "Shuka. Sogea kushoto hatua mbili, halafu inama kidogo."

"Niiname?"

"Kidogo tu. Kama unaingia jikoni kwa bibi yako."

Akainama. Simu ikaanza kulia mfululizo, meseji 19 kwa mpigo, zote za kundi.

"Umejuaje?"

"Bando kila mtu na lake," kijana akasema, bado haonekani. "Kona ni ya wote."

Hakuna aliyesema macho ya mwenzake yanang'aa kama nyota. Hawajaonana hata sura. Ila msomaji ameshajua kwamba mvulana anapafahamu mahali, msichana ana shida ya kweli, na kati yao kuna ukuta wa majani. Kesho akirudi pale atainama bila kuambiwa, na hapo msomaji atatabasamu, kwa sababu anakumbuka. Kona inayorudiwa inajaa maana yenyewe. Vivutio vitano haviwezi kufanya hivyo.

Hatua ya 5: Kizuizi kitoke kwa wanaowapenda

Riwaya pendwa zetu nyingi za mapenzi zina tajiri mwovu, rafiki mnafiki mwenye hirizi, au ugonjwa. Zinauzika, sizibezi. Lakini hii ni riwaya nyepesi; hakuna anayekufa na hakuna anayetekwa. Kizuizi ni bibi. Ni shangazi. Ni watu ambao kesho asubuhi watakuletea mtori kitandani.

Moshi haina uhaba wa vizuizi vya namna hii. Kuna ukoo: wakigundulika wote ni akina Mushi wa ukoo mmoja, habari imekwisha, ni ndugu. Kwa hiyo swali la kwanza la shangazi yeyote ni "huyo ni wa kwa nani?", na unaweza kuandika sura nzima ya shangazi akikokotoa nasaba kwa vidole huku kijana ameshika sahani ya pilau, hajui kama ale au aage. Kuna dhehebu: Machame na Marangu wamejaa Walutheri, Kibosho, Uru na Rombo Wakatoliki, na bibi anayecheka na kila mtu anaweza kununa ghafla akisikia kijana anasali wapi. Kuna lugha: wa Machame na wa Rombo wakisemeshana Kichaga wanaishia kwenye Kiswahili.

Kizuizi changu ni mpaka wenyewe. Bibi wa Aika na babu wa Godlisten hawasalimiani tangu mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mfereji ulihama, masale yakang'oka, na yalipopandwa upya kila mmoja aliona mwenzake kajiongezea hatua tatu. Wameshinda miaka yote hiyo wakikutana kanisani na kutazama mbele.

Sasa isale lina kazi ya pili, na kazi hiyo ndiyo iliyoniokoa. Kwa Wachaga, jani la isale ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu mpaka maneno yakashindwa, unamtuma mtu na isale, na anayepelekewa hapati njia rahisi ya kulikataa. Mmea uleule unaogawa ndio unaopatanisha. Sikulibuni hilo, liko nyuma ya nyumba za watu, na mimi nililipita miaka yote bila kuliona kama hadithi.

Aika hajui. Amekulia Dar. Siku ya tisa anachuma jani la isale, refu, zuri, analiweka alama kwenye daftari lake la kazi ya kundi. Jioni anatumwa apeleke sinia kwa jirani wa juu, anapotea njia, anajikuta uani kwa babu wa Godlisten. Anapiga goti kidogo, "Shikamoo babu," daftari mkononi, na isale limechomoza. Mzee analitazama jani. Anamtazama binti. Anamtambua ni mjukuu wa nani. Anaomba aletewe kiti.

Kuanzia hapo hadithi inajiendesha. Babu anaamini bibi ameomba radhi baada ya miaka yote ile, na kwa ukubwa wa moyo anatuma mbege. Bibi anapokea mbege anaamini babu ndiye ameanza kujishusha. Kila mmoja anajiona mshindi, kila mmoja anakuwa mkarimu, na watu wawili tu wanaoujua ukweli ni vijana, ambao sasa wana siri moja na sababu ya kukutana kila jioni. Kizuizi kimegeuka kuwa injini.

Utakapotafuta kizuizi chako, anzia hapo: kitu kidogo cha nyumbani chenye maana mbili, na kijana anayejua moja tu.

Hatua ya 6: Chora kalenda, usiigawe sawasawa

Chora siku zako 15 ukutani. Siku za watu wengi zinakula sura nyingi: mkesha, Krismasi yenyewe, 26 Desemba ya wageni, harusi ya tarehe 28 au 29 ambayo lazima iwepo, na mkesha wa mwaka mpya. Kwangu siku hizo tano zinabeba sura 13 kati ya 24. Kuna siku moja nimeipa nusu ukurasa: mvua ilinyesha kutwa, hawakuonana. Nusu ukurasa huo unafanya kazi kuliko sura nzima ya kulalamika.

Jifunze tabia za mahali kwa saa. Desemba mlima mara nyingi unafunguka alfajiri, barafu inaonekana safi, na kufikia saa nne mawingu yameshaupandia. Kwa hiyo ukitaka Kibo kwenye picha, waamshe mapema. Mbege haipikwi leo ikanyweka leo: ndizi mbivu zinachemshwa zikakaa siku kadhaa, kimea cha ulezi kinakuja baadaye. Ukimtuma babu apeleke mbege siku ya tisa, basi siku ya tatu msomaji awe ameshaona moshi wa sufuria nyuma ya nyumba yake. Mambo haya ndiyo yanayomfanya mtu wa Uru asifunge kitabu.

Hatua ya 7: Waachie waseme vibaya

Vijana hawasemi "nimekuwa nikikufikiria tangu siku ile tulipokutana." Hiyo ni tafsiri ya filamu. Wanazunguka. Linganisha na hii, siku moja baada ya mvua:

"Jana hukuja."

"Mvua."

"Mvua iliisha saa kumi."

"Ulikuwa unahesabu?"

Kimya. "Bibi ndiye alikuwa anahesabu."

Maneno machache, na amekiri kila kitu.

Lugha ya mtaa itumie kama chumvi. Neno linalotamba leo TikTok litakuwa limechacha kitabu kikitoka kiwandani, ila "kumzimikia" mtu na "kupigwa chini" yameshakaa miaka, hayatakuaibisha. Heshima usiiguse: hata chalii mtundu kiasi gani, akimwona bibi anasema shikamoo kabla ya neno lolote, na mwandishi anayesahau shikamoo amejitangaza mgeni. Kichaga kiweke kwa matone. "Aika" ni asante, na hilo nimelitumia mara moja kubwa: Godlisten anasema neno hilo, na kwa sekunde hajui yeye mwenyewe kama anashukuru au anaita jina.

Meseji ziandike fupi kama zilivyo. "Umelala?" "Bado." Halafu maandishi madogo juu kwamba mwenzako anaandika, yanatokea, yanapotea, yanatokea tena, na hakuna kinachokuja. Usieleze hisia. Kila msomaji wako ameshaitazama ile sehemu ya simu mpaka macho yakamuuma.

Hatua ya 8: Mkono

Kwenye riwaya nyepesi kushikana mikono ni tukio kubwa, ukilitunza. Mimi silitoi kabla ya sura ya 15. Kabla yake kuna vidole vinavyogusana wakati wa kupokezana kata ya mbege, ambayo yeye Aika ameionja akakunja uso. Kuna mwavuli mmoja. Kuna kupakizana nyuma ya bodaboda, dereva mbele, mche wa parachichi katikati. Hasa mche. Nilipouweka ule mche katikati yao nilicheka peke yangu mezani.

Kila hatua, anayesogea aone kwamba mwenzake amesogea pia. Msichana anayeburutwa akisema hapana huku mwandishi anatuambia moyo wake ulikuwa unasema ndiyo, huyo mwache kwenye hadithi za zamani. Godlisten anauliza, "Naweza?" Aika anajibu, "Mkono una udongo." Godlisten anaufuta kwenye suruali, anaunyoosha tena. Busu likija, liwe moja, karibu na mwisho, na sura ikatike hapo.

Hatua ya 9: Stendi

Mwisho wa kuoana usiutake. Wana miaka 19. Mwisho wa huzuni nao ni kumdanganya aliyenunua kitabu cha kucheka. Unachotafuta ni mlango ulioachwa wazi, wenye ushahidi mdogo kwamba kuna atakayerudi.

Kwangu siri ya isale inafichuka mwaka mpya, mbele ya watu wote, na wazee wananyamaza kwa muda mrefu. Kisha bibi anasema yeye alijua tangu siku ya kwanza. Hajawahi kumtuma mtoto huyo na isale, na asingemtuma na jani lililotoboka na wadudu. Alikubali tu kwa sababu mbege ilikuwa nzuri. Tarehe 3, saa 12 kasoro, Godlisten amekuja stendi na kiroba chenye mche wa mwisho, wa 300, ambao hakuuza. Konda anataka hela ya mzigo. Wanabishana na konda mpaka basi linawasha, dakika zao tatu zote zinaishia kwenye bei ya kusafirisha parachichi, na hawajaagana. Basi linatoka. Simu inaita kabla halijafika Himo, na safari hii mtandao unashika bila kuinama.

Hatua ya 10: Kukaa chini na kuandika

Sura 24 za maneno kama 1,700 zinakupa maneno 40,000 na kidogo. Inatosha. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja, kwa hiyo kitabu kinatoka kinene kuliko unavyodhani. Ukiandika maneno 800 kwa siku ni siku 50 na ushee. Anza Agosti mwanzoni, jiachie siku za msiba, mgeni na umeme kukatika, na mwanzoni mwa Oktoba rasimu iko mezani. Usisahihishe sura ya kwanza kabla ya kumaliza ya mwisho. Nimeona watu wenye sura ya kwanza nzuri mno na hakuna ya pili.

Kisha isome yote kwa sauti. Ulimi ukikwama, sentensi ni mbovu. Mpe kijana mmoja wa miaka 17 na mwanamke mmoja wa miaka 60, uwaombe waweke alama mahali walipochoka. Pale wote wawili walipoweka alama, kata bila kujitetea.

Hatua ya 11: Kuitoa

Njia nyepesi ni kuanza na makundi ya WhatsApp, sura moja kila jioni kuanzia 10 Desemba, kila moja ikiishia pabaya na neno "Itaendelea". Sura 24 zitakufikisha 2 Januari, na ile ya stendi itawakuta wasomaji wako wakifunga mabegi yao wenyewe.

Ukichapa, omba ISBN kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na uangalie pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, yenye nafasi ya riwaya. Mengine ni fedha na subira. Jambo moja tu nikushikie shati: usilipe mwisho kabla ya kushika nakala moja iliyofungwa na kuipitia ukurasa kwa ukurasa. Vitabu hukunjwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 kwa 16, na fungu likikosewa linakosewa lote. Mimi nilipokea boksi kwa furaha nikaanza kugawa siku hiyohiyo. Fungu moja lilikuwa limewekwa mara mbili na jingine halimo, na lile lisilokuwemo ndilo lililobeba sura ya 15. Yule dada jirani alikuwa wa kwanza kunipigia. "Kaka," akasema, "hapa wanaanza kusalimiana upya, nikigeuza tayari wameshikana mikono. Walishikana lini?"

Nikampigia picha kurasa 16, moja moja, nikamtumia. Mtandao ulikuwa mbaya. Ilibidi nitoke nje.